Mhimili wa Darasa la Nne B

Mvua ilianza saa nne na robo, katikati ya somo la sehemu, na watoto sitini na wawili wa Darasa la Nne B wakapandisha miguu juu ya madawati.

Hakuna aliyewaamuru. Hakuna aliyecheka wala kumsukuma mwenzake. Walipandisha kwa pamoja, taratibu, magoti yakafika kidevuni, madaftari yakabanwa kifuani, na macho yote yakabaki kwa mwalimu kama vile hakuna lililotokea. Mvua ilipiga mabati hadi madirisha yakatetemeka. Mwalimu Atuganile Mwakyoma alitaka kusema "shusheni miguu" kwa ile sauti yake ya kila siku, lakini mate yalikuwa yamemkauka. Akatazama chini. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa juu ya meza, viatu vyake vinaning'inia, na hakukumbuka kupanda.

Alijilazimisha kushuka. Unyayo ulipogusa sakafu kavu, alishikwa na hofu ya kuzama, yeye aliyezaliwa mlimani na ambaye maji mengi aliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni.

"Tuendelee," alisema.

Wakaendelea. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mji wa Nne ulikuwa mji wa watu waliofukuzwa kwao, wengine na maji, wengine na ukosefu wa maji. Katika darasa hilo moja walikaa watoto wa pwani iliyomezwa na bahari, watoto wa Umasaini ambako nyasi zilikwisha, watoto wa Nzega waliohama na vumbi miguuni, na watoto wa bonde la Mkole, ambako bwawa lilipasuka alfajiri moja na kuzoa vijiji vinne. Nyumbani waliongea lugha sita. Shuleni, kabla ya Februari, walipiga kelele kwa zote sita.

Atuganile alikuwa na ujanja wake siku hizo. Aliwachanganya katika vikundi, mmoja wa kila upande, wasipate njia ila kuelewana. Nusu na robo zilifundishwa na Saning'o, mtoto wa wafugaji, kwa kugawa ng'ombe wa kokoto juu ya meza, na ole wako ukosee ng'ombe wake. Jedwali la kuzidisha liliimbwa. Walimu wa madarasa ya jirani walilalamika, naye aliwaahidi kupunguza sauti na hakupunguza hata siku moja. Kisha wavulana wawili wakagombania kiti, bikari ikatoka kwenye mkebe, na mtoto aitwaye Kassimu akapoteza jicho la kulia. Damu yake ilianguka kwenye daftari la wazi. Tangu siku hiyo mwalimu aliogopa kelele kama mtu aliyeungua anavyoogopa jiko, na Februari, mkoa ulipoleta kasha la kutuliza madarasa, alilipokea kwa mikono miwili.

Lilikuwa kasha la kijivu lililopigwa misumari juu ya ubao. Kila kichwa mle darasani, na cha mwalimu pia, kilivaa utando, kitu chepesi mfano wa kipande cha chandarua, chini ya hijabu au juu ya kipara. Mwalimu alitakiwa kufanya jambo moja tu: kumchagua mtoto mtulivu kuliko wote, aitwe mhimili, na kasha lingewavuta wengine wote wafanane naye.

Basi Atuganile alimchagua mhimili kama walimu wa kwetu wanavyomchagua mtoto mwenye adabu. Aliligeuzia darasa mgongo, akaandika ubaoni, kisha akageuka ghafla aone nani hajatikisika. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo. Siku zote tatu, msichana mmoja wa bondeni, Mwajabu, alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya dawati, macho chini. Hakuwahi kunyoosha mkono. Hakuwahi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya kasha, kiganja pekee ambacho kasha hilo lingekitii mpaka mwisho wa muhula, akataja jina la Mwajabu.

Darasa likatulia siku hiyohiyo. Siku arobaini baadaye lilikuwa likitajwa mkoa mzima.

*

Saa nane, watoto walipokwisha kuondoka, Mama Nyamizi alimkuta mwalimu ofisini. Alikuwa mwanamke wa Nzega, mrefu, mwenye mazoea ya kusema jambo moja kwa moja.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Nzuri, mama. Karibu ukae."

"Sikai. Leo mvua ilipoanza nilikimbia nyumbani kuanua nguo. Nimemkuta mdogo wake Nyamizi analia mlangoni, nikadhani kapigwa. Kumbe juzi, ile mvua ya jioni, dada yake alimpandisha juu ya kenchi, kwenye mbao za paa, wakakaa huko mpaka ilipokatika. Akamwambia asitoe sauti. Mtoto wa miaka mitatu! Sasa akisikia tone tu analia." Alimkazia macho. "Mwanangu hajawahi kuona mto, mwalimu. Kwetu hata kisima kilikuwa hadithi. Nani kamfundisha kukimbia maji?"

Atuganile alisema atafuatilia. Mama Nyamizi alimtazama kichwani, pale utando ulipobana nywele, akaondoka bila kuaga.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi. Kama walimu wengi, Atuganile alikuwa amesoma ukurasa wa kuwasha na ukurasa wa kuzima. Jioni ile alirudi darasani, akasoma zote, kasha likiwa wazi mbele yake, mistari iliyohifadhiwa ya mapigo ya mioyo ya watoto ikipita kwenye kioo kidogo.

Kasha lilipima utulivu kwa vitu viwili: mwili usiojongea na moyo upigao polepole. Waliolitengeneza walijua kwamba hofu hupandisha mapigo. Ukurasa wa mia moja na themanini, kwa herufi ndogo, ulisema jambo jingine. Kuna hofu ya kukimbia, na kuna hofu ya kuganda. Mnyama aliyekwisha kushikwa, asiye na pa kukimbilia, hukauka, na moyo wake hushuka. Kwa kipimo cha kasha, mtoto wa namna hiyo na mtoto mwenye amani ni mtoto mmoja.

Aliutazama mstari wa Mwajabu wa siku ya kwanza. Ulikuwa chini sana, umenyooka.

Mistari mingine ilieleza yaliyofuata. Kasha lilikuwa likisawazisha, kama mapipa yaliyounganishwa kwa mpira: lililojaa humimina kwa yaliyo matupu mpaka yote yalingane. Likizimwa jioni, kila mtu huenda nyumbani na fungu lake; likiwa limewashwa, anayevua utando huwarudishia waliobaki. Wiki hadi wiki mstari wa Mwajabu ulipanda, ukaanza kuchezacheza kama wa mtoto yeyote. Na mistari ya wenzake sitini na mmoja ilishuka, ikanyooka. Sentensi tatu zilikuwa zimepigiwa mstari na kiwanda chenyewe. Mhimili asiondolewe ghafla. Apunguzwe kwa siku thelathini, la sivyo vyote alivyogawa vitamrudia kwa mkupuo. Na nakala ya mhimili haichukuliwi vikibaki vichwa chini ya kumi.

Nakala. Akakumbuka kwamba kesho mkaguzi wa mkoa alikuwa anakuja kuichukua, iwekwe kwenye makasha ya shule nyingine. Mwajabu wake angemiminwa katika madarasa mia nne na kumi na mawili, na huko hakungekuwa na Mwajabu wa kupata nafuu, ila hofu tupu iliyogawiwa watoto wasioijua ilikotoka.

Aliuvua utando wake, akaushika mkononi. Hofu haikuondoka. Hapo hakujua tena kama ni ya msichana au ni ya kwake.

*

Asubuhi, wakati wa mapumziko, alisimama barazani kuangalia kiwanja. Watoto wake walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, migongo imegusa matofali. Hawakukimbizana, hawakugombania bomba. Katikati ya kiwanja kizima msichana mmoja alikuwa akiruka kamba, akijihesabia kwa sauti, akicheka alipokosea.

"Mwajabu, njoo."

Alikuja mbio. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unacheza peke yako?"

"Wenzangu hawataki. Wanasema wamechoka."

Atuganile alichuchumaa. "Mvua ikinyesha, wewe unaona nini?"

Mtoto alikunja kamba mkononi, mara moja, mara mbili. "Dari," alisema. "Mama alinipandisha darini. Akasema nisijitikise wala nisipige kelele mpaka anifuate. Maji yakapanda mpaka hapa." Aliweka kiganja chini ya pua. "Siku mbili. Sikujitikisa, mwalimu. Hata kidogo."

Alisema hivyo kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata hesabu zote. Mwalimu aliuma mdomo asilie mbele yake.

"Na siku hizi?"

"Siku hizi ni nyepesi. Zamani ilikuwa yangu peke yangu. Sasa kila mtu ana kidogo."

"Unajua kwamba wenzako wanayo?"

"Naiona." Mwajabu aligeukia ukuta, akawatazama, kisha akamshika mwalimu sketi. "Usiwavue, mwalimu. Tafadhali. Kwani wamekataa?"

"Hawakuulizwa."

"Na mimi sikuulizwa."

Kengele ikalia, na Atuganile akawafuata watoto darasani.

*

Mkaguzi Zamoyoni Pazi aliingia saa nne na nusu, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba mweusi. Darasa lilisimama kwa mkupuo mmoja, likaamkia kwa sauti moja, likakaa. Alipita kati ya madawati, akainua daftari, akalirudisha. Mwandiko ulikuwa safi. Alipouliza swali kwa mdomo, robo tatu ya ng'ombe wanane ni wangapi, hakuna mkono ulioinuka, hata wa Saning'o. Mkaguzi hakulijali hilo.

"Ajabu," alisema. "Nimekaa kazini miaka ishirini na sita. Makabila haya yote, na unasikia nzi akipita."

"Shikamoo, mama. Naomba tuongee kabla hujaanza."

"Marahaba, mwalimu wangu. Ongea huku nafanya kazi." Alikuwa amekwisha kuchomeka kifaa chake kwenye kasha. Kioo kikaonyesha mstari wa kijani: robo saa.

Atuganile alimwambia yote kwa sauti ya chini, dari, maji, mapigo, kenchi ya Nyamizi. Zamoyoni alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana aliogofya.

"Kwa hiyo wanaogopa," alisema.

"Ndiyo."

"Kidogo. Sehemu moja ya sitini na tatu kila mmoja."

"Kwao si kidogo, mama. Hawachezi tena."

"Na wewe ulikuwepo Kassimu alipotolewa jicho, sikosei? Mwaka jana nilizunguka hospitali za mkoa huu kuwaona watoto walioumizana darasani, wa pwani na wa bara, wa mifugo na wa majembe. Nimewashika mikono." Alivua miwani. "Mtoto anayeogopa kidogo ana macho mawili, mwalimu. Na huyo msichana wako anaruka kamba. Unataka kumrudisha darini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Akiacha, mstari wa kijani utajaa na hofu itasambaa shule kwa shule. Akimwondoa Mwajabu, yote yatamrudia mtoto wa miaka tisa kwa dakika moja. Na hata akipata njia ya tatu, kelele zitarudi, na ndani ya kelele mna bikari. Mstari ulikuwa umefika nusu. Aliwatazama watoto wake, wamekaa kimya kama mizigo, akapata wazo lililomtia baridi mpaka kwenye meno.

Mapipa yakipungua, yanayobaki hujaa zaidi. Lakini yakibaki mawili, hakuna linalobeba peke yake.

"Mstari wa kwanza," alisema, "simameni. Vueni tando, ziwekeni mezani, nendeni kiwanjani."

Walitii. Darasa lililosawazishwa hutii.

"Unafanya nini?" Zamoyoni aliuliza.

"Mstari wa pili."

Watoto walipotoka, hofu ilipanda ndani yake hatua kwa hatua, ikapita kifundo cha mguu, ikapita goti. Hamsini na watatu. Arobaini na watatu. Harufu ya udongo uliolowa ilimjaa puani, na kulikuwa na jua kali nje.

"Mwalimu Mwakyoma, nakuamuru uwarudishe!"

"Mstari wa tatu. Wa nne."

Mwajabu aliacha dawati lake, akaja mbio mbele, uso umemsawijika. "Usiwavue! Mwalimu, nilikuomba! Inarudi!"

Atuganile alipiga magoti, akamkumbatia, na alihisi moyo wa mtoto ukianza kushuka, pigo, kimya, pigo. "Siwezi kuwaachia wao. Lakini mimi sivui."

"Wewe peke yako?"

"Mimi na wewe. Nusu kwa nusu."

"Utavua. Ikifika hapa utavua." Alionyesha chini ya pua.

"Mstari wa tano," alisema mwalimu, na ilibidi ashike mguu wa meza. "Wa sita."

Vichwa vilipobaki tisa, kasha lilitoa mlio na mstari wa kijani ukafutika. Zamoyoni alipiga kioo kwa kidole mara tatu. Watoto wa mwisho walipita mlangoni, Nyamizi akiwa wa nyuma, na hofu iliyobaki ikawaangukia wawili waliobaki.

Hakuwahi kujua kwamba kuna hofu ya ukubwa huo. Ilimfunga viungo. Alitaka kupiga kelele na hakuweza, alitaka kukimbia na miguu haikuwa yake. Kiganja chake kilijiinua chenyewe kuelekea kichwani, kwenye utando, vidole vikaushika. Ingekuwa rahisi mno. Alimwona Mwajabu akivitazama vidole hivyo, asiseme kitu, akisubiri kuachwa. Akavishusha kimoja kimoja.

"Ataletwa mwalimu mwingine," Zamoyoni alisema huku akifunga mkoba, sauti yake ikitetemeka kwa hasira au kwa jingine. "Utajibu kwa hili."

"Nitajibu, mama. Lakini kiganja ni changu mpaka mwisho wa muhula, na kitabu kinataka siku thelathini. Nitazimaliza."

Ndipo kelele zilipoanza.

Kwanza mtoto mmoja alipiga ukelele kiwanjani, mrefu, usio na sababu. Wakafuata wengine, siku arobaini na moja za kelele zikitoka kwa wakati mmoja, kwa lugha sita. Kisha kukawa na kishindo, kilio, na sauti iliyoita, "Mwalimu! Mwalimu! Wanauana!"

Hilo ndilo aliloliogopa tangu Kassimu apoteze jicho, na hofu hii ilikuwa ya kwake mwenyewe, haikutoka darini. Akikimbia peke yake hadi ukingo wa kiwanja, nje ya nguvu ya kasha, nusu yake ingemrudia mtoto; wakienda pamoja, kila mmoja angebaki na yake.

"Unaweza kutembea?" aliuliza.

Mwajabu alitikisa kichwa, kukataa. Kisha akasimama.

Walitoka wameshikana, hatua fupifupi, kama wagonjwa wawili. Watoto walikuwa wamefanya duara karibu na bomba. Ndani yake Saning'o alikuwa amemkalia kifuani mvulana wa bondeni, mkono juu, jiwe la ukubwa wa ngumi mkononi. Mwalimu alijua afanye nini: apaze sauti, aite majina, amnyang'anye. Sauti haikutoka. Alisimama mbele yao akitetemeka mwili mzima, meno yakigongana, machozi yakimtiririka mbele ya wanafunzi wake, na aibu yake ilikuwa haina mahali pa kujificha.

Kelele zikapungua upande mmoja, kisha upande wa pili. Hawakuwahi kumwona mwalimu katika hali hiyo.

"Mwalimu," Saning'o alisema, jiwe bado juu, "unatetemeka."

"Natetemeka."

"Kwa nini?"

"Naogopa. Mwajabu pia anaogopa. Ile mliyokuwa nayo ninyi, sasa iko kwetu wawili, na ni nzito." Alivuta pumzi. Lililofuata alipaswa kuwa amelisema Februari. "Tunaomba mtu atushike mkono. Mkono tu, hakuna utando. Si lazima."

Hakuna aliyesogea. Nyamizi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bomba.

"Mimi sitaki," alisema.

"Sawa, Nyamizi," mwalimu alimjibu. "Umekataa, basi. Hakuna atakayekulazimisha."

Nyamizi alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyesukuma mlango na kukuta haukufungwa.

Saning'o alimtazama aliye chini yake, akaitazama mikono ya Mwajabu, jinsi ilivyokauka, vidole vimekunjamana. Alifikiri, na alikuwa mtoto anayefikiri polepole.

"Kwa muda gani?" aliuliza.

"Mpaka kengele ya mchana," alisema mwalimu. "Na kesho nitakuuliza tena."

Saning'o aliinuka, akaweka jiwe chini, akapangusa kiganja chake kwenye kaptura, akampa Mwajabu mkono.